Karatasi Tupu za Fungamano

Njia aliyoipita Sikudhani mpaka akafika Fungamano si ya kusimulia. Alitoka kwao, akafika. Habari inaanzia langoni, pale mlinzi alipomtazama usoni na kumuuliza kwa upole, "Dada, wewe ni wa nani?"

Sikudhani akataja jina la baba yake.

"Huyo ni wa kwenu," mlinzi akasema. "Nakuuliza hapa ni wa nani. Nchi hii mtu haandikwi peke yake. Lazima awe chini ya mtu."

Jambo hilo ndilo lililomleta. Alikuwa amesomea utunzaji wa kumbukumbu chuoni, na ofisi ya uandikishaji ya mji wao ilimtuma akajifunze, maana fomu za kwao zilikuwa zimevurugika. Wazazi walikaa kabati moja, watoto kabati jingine, na hakuna aliyeweza tena kusema kwa hakika mtoto gani ni wa nani. Mama mmoja alikuwa amekabidhiwa vyeti vya watoto wa jirani yake na kuambiwa avumilie. Ikasikika kwamba Fungamano watu huandikwa wakiwa wameshikana, mzazi na wanawe, mwenyeji na mgeni wake, wote katika fungu moja la karatasi lisiloachana. Mkuu wake wa kazi akamchagua Sikudhani, si kwa kuwa alikuwa hodari kuliko wenzake, ila kwa sababu asingeweza kukataa. Alikuwa na haya kiasi kwamba hata kupiga hodi kulimtoa jasho.

Sasa alisimama langoni bila mtu wa kumtaja, na machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

Mwanamke mmoja alikuwa akipita na fungu la karatasi kwapani, uso umechoka. Alimtazama msichana, akamtazama mlinzi, akasimama.

"Andika ni wangu," akasema.

"Mama Chausiku," mlinzi akamjibu, "fungu lako lenyewe halijapokelewa."

"Likipokelewa, atakuwa humo. Lisipopokelewa tutatoka wote. Njia yeye anaijua, ndiyo kwanza kaja."

Mlinzi akacheka, akafungua lango.

Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa ndogo na safi, na kila pembe ilikuwa na ukili uliotiwa rangi, kwa kuwa alisuka mikeka. Walikaa watatu: yeye, binti yake Mboni aliyekuwa karibu kuolewa, na mama mkwe wake Bibi Zuwena, kikongwe mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Sikudhani alimwamkia kwa kupiga goti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwetu kutafuta nini? Mume?"

"Fomu, bibi."

"Afadhali ungesema mume," kikongwe akasema. "Fomu tunazo, lakini hazina faida."

Wakati wa kula walimweleza sheria, na Sikudhani alizisikiliza kwa makini kama mtu aliyetumwa. Kila nyumba katika Fungamano ina fungu moja. Karatasi ya juu ni ya mwenye fungu. Zilizo chini yake ni za watu wake, karatasi moja kwa kila mtu, nazo hupelekwa zote kwa pamoja Dirishani, kwenye ofisi ya uandikishaji. Mwenye fungu akifa, karatasi yake huondolewa, na wote waliokuwa chini yake huanguka siku ile ile, kama nguo kamba inapokatika. Hawaanguki kwa ubaya. Ofisi huwatumia salamu za rambirambi na fungu jipya, wapate kujishika kwa mtu mwingine kabla Dirisha halijafungwa kwa msimu. Asiyewahi huitwa aliyedondoka. Nyumba yake hupewa fungu jingine, naye husindikizwa mpaka lango la nyuma kwa heshima zote, na hupewa chakula cha njiani.

Mume wa Bi Chausiku, marehemu Mwinshehe, alikuwa amefariki kabla ya kiangazi. Tangu hapo Bi Chausiku alikuwa amechukua fungu jipya kwa jina lake, akawaandika chini yake mama mkwe na binti, na kila alipolipeleka Dirishani lilirudishwa.

"Lina kosa gani?" Sikudhani akauliza.

"Hawasemi," Mboni akajibu.

Hilo nalo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa njema. Zamani mpokezi wa Dirisha alimwonyesha mtu kosa lake mbele ya foleni, na mtu yule akaona aibu, akaacha kutoka nje. Baraza likahuzunika sana. Likapitisha kwamba kuanzia siku ile hakuna raia atakayeonyeshwa kosa lake lilipo, asije akadhalilika. Ataambiwa tu, kwa sauti laini, "Lina kosa," kisha atarudishiwa fungu zima. Watu wakawa wanarudi nyumbani na heshima yao na kosa lao. Nje ya ofisi pakazuka watabiri, waliokaa kwenye mikeka (baadhi yake imesukwa na Bi Chausiku mwenyewe) wakibashiri kosa la mtu kwa kumtazama anavyotembea. Mmoja alimwambia Bi Chausiku kwamba kosa ni rangi ya wino. Mwingine akamwambia ni umri wa mama mkwe.

"Umri wangu una kosa gani?" Bibi Zuwena akaguna. "Nimeupata kwa jasho."

Siku ya pili Bi Chausiku alilifungua fungu mkekani ili amwandike mgeni. Sikudhani akaliona kwa mara ya kwanza lote, na macho yake ya kazi yakafurahi. Jalada la juu lilikuwa limeandikwa idadi ya karatasi zote zilizomo, kwa mkono wa ofisi. Ikipungua hata moja, fungu huhesabiwa limechezewa na halipokelewi kabisa. Ikafuata karatasi ya mwenye fungu, kisha ya Bibi Zuwena, ya Mboni, na moja mpya aliyoileta mlinzi wa lango kwa ajili ya mgeni, naye akaisahihisha hesabu ya jaladani. Mwishoni zilikuwapo karatasi tatu tupu, ambazo kila fungu katika Fungamano hupewa. Huitwa za wajao. Kama hakuna ajaye, huachwa hivyo hivyo na hurudishwa tupu.

Sikudhani alipozigeuza hizo tatu, aliona kwamba ya katikati haikuwa tupu. Penye nafasi ya jina paliandikwa, kwa mwandiko wa kutulia, *Nuhu*. Tarehe ya kuzaliwa haikuwapo. Hapakuwa na neno jingine.

"Mama, hii bado haijamalizwa," akasema.

Mboni akaacha kusuka. Bibi Zuwena akatazama mlangoni.

"Haitamalizwa," Bi Chausiku akasema. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaiweka mahali pake. "Mwinshehe alipokufa nilikuwa na mimba kubwa. Fungu hili lilipoletwa, kabla sijaandika jina langu, kabla sijamwandika hata bibi yako huyu, niliandika hilo. Nilitaka nyumba ianze na kitu kizuri. Akazaliwa mwezi ule ule. Hakulia."

Akaongeza, "Kosa nalijua lilipo, mwanangu. Sihitaji mtabiri."

 Mboni alimweleza Sikudhani baadaye, wakichota maji, kwamba katika Fungamano karatasi tupu ni tupu mpaka iguswe. Ikiguswa, mtu ameanza, na mtu akianza lazima amalizwe. Karatasi moja iliyoanzwa bila kumalizwa inatosha kurudisha fungu zima, hata kama nyingine zote ni safi.

"Na mama hawezi kumaliza?"

"Atamaliza vipi?" Mboni akasema. "Wanauliza shule anayosoma."

Msimu ulikuwa unaisha. Katika Fungamano Dirisha hufungwa na tone la kwanza la mvua, si kabla wala si baada, na ofisa mmoja huajiriwa mwaka mzima kwa kazi hiyo tu. Huitwa Bwana Tone. Mawingu yakianza kujikusanya, hupanda juu ya paa la ofisi na kusimama na kiganja wazi. Asubuhi Sikudhani alipomsindikiza Bi Chausiku Dirishani kwa jaribio la mwisho la msimu, Bwana Tone alikuwa tayari kule juu na kanzu yake nyeupe, na anga nyuma yake ilikuwa na rangi ya risasi.

Foleni ilikuwa ndefu. Mpokezi wa Dirisha alikuwa Bwana Hamduni, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Ukutani nyuma yake, ndani ya kioo, kilitundikwa Kielelezo, yaani karatasi tupu ya asili ambayo nyingine zote za wajao zilinakiliwa kwayo. Zamu ya Bi Chausiku ilipofika, Bwana Hamduni aligonga karatasi ya juu kwa muhuri mkavu. Muhuri huo hauna wino. Humpa mwenye fungu namba ya muda tu, ili namba hiyo iandikwe kwenye karatasi za watu wake, kwani hawawezi kuwa chini ya mtu asiye na namba, naye hawezi kupewa namba ya kweli kabla watu wake hawajakaguliwa. Yote yakiwa sawa ndipo hupigwa muhuri wa wino. Yasipokuwa sawa, ule mkavu hauachi hata alama. Sikudhani aliona hapo kwamba waliobuni jambo hilo walikuwa watu wenye akili, na akajiwekea moyoni alipeleke kwao.

Bwana Hamduni akakagua karatasi ya Bibi Zuwena, ya Mboni, ya mgeni. Akafika kwenye tupu. Ya kwanza aliitoa dirishani, akaiweka juu ya kioo cha Kielelezo, akalinganisha, akaipitisha. Ya katikati hakuhitaji kuilinganisha. Aliitazama kwa muda mrefu, na alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Mama, lina kosa," akasema kwa ile sauti laini.

"Najua, baba."

"Sisemi liko wapi."

"Usiseme."

Bwana Hamduni akatazama juu, akazungumza na dari. "Nasema kwa jumla tu, wala simsemi mtu. Karatasi ikiwa imeanzwa, zipo njia mbili. Humalizwa, au hutiwa alama kwenye kile kisanduku cha pembeni kilichoandikwa *Aondolewe*."

"Maliza, mama Mboni," sauti ya nyuma ikasema. "Maliza, uende nyumbani."

Aliyesema alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia, ambaye wote walimwita Baba Doa. Sikudhani alikuwa ameshasikia habari zake. Miaka ya nyuma alidondosha wino kwenye karatasi tupu. Wajumbe wa Baraza walijadili kama doa ni mwanzo wa mtu. Upande mmoja ukashikilia kwamba mguso wowote ni nia. Upande wa pili ukasema nia hupimwa kwa ukubwa, na lenzi ikanunuliwa. Wakiwa bado wanapima, Baba Doa akachoka kusubiri, akamaliza karatasi: akamwita mtoto Doa, akampa tarehe, akamwandikia shule.

"Mwanangu yuko darasa la tatu sasa," Baba Doa akaendelea, akiwageukia watu. "Hana makuu. Hajapigana na mtu. Mwalimu anasema ni mkimya mno, basi. Posho yake ya unga inakuja kila mwezi, kuku wangu wamenona. Hakuna aliyeumia."

Watu wakacheka. Bi Chausiku naye alitabasamu, kwa sababu Baba Doa hakuwa mtu mbaya.

"Baba Doa," akasema, "wewe ulidondosha wino. Mimi nilikuwa namwita mtu. Nimpeleke shule awe anaitwa kila asubuhi haitiki? Nimesikia kimya chake mara moja, inanitosha."

Baba Doa akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Basi ile njia ya pili," Bwana Hamduni akasema, bado anaongea na dari. "Kisanduku ni kidogo sana. Alama moja tu. Kuna watu wengi nyumbani mwako, mama. Kuna bibi."

"Nimwondoe kutoka wapi?" Bi Chausiku akauliza. "Hakuwahi kuingia."

Juu ya paa Bwana Tone alibadilisha mkono. Watu wakatazama angani. Mboni, aliyekuwa amekuja na kusimama kando ya Sikudhani, alimshika kidole kama mtoto anavyoshika, ingawa alikuwa mkubwa. Sikudhani akawaza kuhusu ile nyumba na ukili wake wa rangi, na kikongwe akisindikizwa kwa heshima zote mpaka lango la nyuma.

Akatazama kioo. Kwenye Kielelezo, penye nafasi ya nchi, palikuwa pamechapishwa neno *Fungamano*. Neno hilo hilo lilikuwa kwenye karatasi zote tatu za Bi Chausiku, na kwenye tupu zote za watu wote waliosimama kwenye foleni. Aliligeuza jambo hilo kichwani. Kulisema kulimaanisha kusema mbele ya watu.

"Samahani, bwana," akasema, na sauti ikatoka ndogo mno.

"Nani?" Bwana Hamduni akauliza, akamtafuta dirishani.

"Mimi. Mgeni. Naomba kuuliza. Hizo tupu mbona si tupu? Zimeandikwa Fungamano."

"Hilo si la kuhesabu, dada. Tumeliandika sisi. Liko kwenye Kielelezo."

"Kwa hiyo maandishi si kosa?"

"Maandishi si kosa. Kosa ni kutofautiana na Kielelezo. Ikifanana nacho ni tupu, hata..."  Bwana Hamduni akageuka taratibu, akakitazama kioo alichokuwa akilinganishia karatasi maisha yake yote ya kazi. Alipogeuka tena hakuitazama dari. Alimtazama Sikudhani, kisha Bi Chausiku. "Nisubirini," akasema, akatoka mbio kwa mlango wa ndani. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Akarudi na Mwenye Muhuri mwenyewe, mkuu wa ofisi, Bi Saburi, mama mfupi mwenye miwani minene na kanga mbili za ofisi. Funguo za kioo cha Kielelezo zilining'inia kiunoni mwake. Alikuwa ameshaelezwa. Alisimama dirishani, akasoma karatasi ya katikati, akakohoa.

"Nani kafikiri jambo hili?"

Sikudhani akainamisha kichwa. Bwana Hamduni akasema, "Ofisi, mama," na Sikudhani akamshukuru kimoyomoyo.

"Kielelezo kimoja ni cha nchi nzima," Bi Saburi akasema. "Nikiandika humo jina la mtoto huyu, kila karatasi tupu itakayotolewa itatoka na jina lake, msimu huu na mingine. Mama, unalielewa hilo? Watu watalizoea. Watoto wa watu watalichorea maua pembeni. Litafungiwa hata karanga, karatasi zikizeeka."

"Jina si la kuitwa, mama?" Bi Chausiku akajibu. "Nililiandika ili liitwe."

"Sawa. Sasa sikiliza la pili." Bi Saburi akavua miwani akaifuta, na Sikudhani akaona kwamba alikuwa anajipa muda. "Hawa wote kwenye foleni wana karatasi tupu za zamani. Nikibadilisha Kielelezo sasa hivi, tupu zao hazitafanana nacho tena. Zitahesabiwa zimeguswa kwa kuwa hazikuguswa. Mafungu yao yote yatakuwa na kosa. Siwezi kumwokoa mmoja kwa kuwadondosha wote."

Foleni ikavuma kama nyuki. Kijana mmoja mwenye haraka akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo tutafanyaje?"

"Kila mmoja wenu aandike Nuhu kwenye tupu zake," Bwana Hamduni akasema. "Hapo zitafanana, zitakuwa tupu."

"Mimi sina mtoto anayeitwa Nuhu."

"Ndiyo maana yake," Baba Doa akamwambia. "Uandike ili pasiwe na mtu. Huelewi sheria, kijana?"

"Mbona wewe huandiki?"

"Nina tupu tatu kama wewe. Doa ana ya kwake, keshamalizwa." Baba Doa akapapasa mifukoni. "Kalamu sina. Nani ana kalamu?"

"Sitamlazimisha mtu," Bi Saburi akasema. "Mmoja wenu akikataa, nakiacha kioo kimefungwa."

 Kijana yule alitazama mawingu, akamtazama Bwana Tone na kiganja chake. Alikuwa na haki ya kukataa, na kila mtu alijua hivyo, hata Bi Chausiku, ambaye alikuwa ameanza kuzikusanya karatasi zake.

Katikati ya foleni palikuwa na mwanamke wa makamo ambaye Sikudhani hakuwa amemwona mpaka hapo, kwa jinsi alivyosimama kimya. Alifungua fungu lake juu ya goti.

"Wangu hakupata jina," akasema, kama anayejisemea. "Niliogopa kugusa karatasi. Hili litamfaa."

Akaandika mara tatu, akampa kijana kalamu.

Kijana akaishika. Alitaka kusema jambo, akaliacha. Akaandika kwa haraka, herufi zimelala, akapitisha kalamu kwa Baba Doa, naye akampa aliye nyuma yake. Ikaendelea kurudi nyuma hivyo mpaka mwisho wa foleni, watu wakiegemea migongo ya wenzao kuandika. Wengine walitania, mmoja akauliza Nuhu ni wa ukoo gani ili amjue atakapokuja kudai urithi, lakini waliandika. Bi Saburi akafungua kioo. Alitumia kalamu yake mwenyewe, akaandika *Nuhu* pale ambapo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuandika tangu Kielelezo kitundikwe.

Bwana Hamduni akaichukua karatasi ya katikati ya Bi Chausiku, akaiweka juu ya kioo, akalinganisha. "Tupu," akasema. Akaichukua ile ya kwanza aliyokuwa ameshaipitisha. Akaitazama, kisha akamrudishia Bi Chausiku pamoja na ya tatu.

"Hizi mbili, mama," akasema. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Baraza lipitishe sheria ile, akanyoosha kidole kuonyesha mahali. "Hapa, na hapa."

Bi Chausiku akapokea kalamu. Sikudhani alisimama karibu, akaona jinsi alivyoandika. Hakuharakisha, ingawa foleni nzima ilikuwa inasubiri na upepo ulikuwa umeanza kupindua kona za karatasi. Aliandika la kwanza. Akalitazama. Aliandika la pili kwa mwandiko ule ule wa kutulia, na alipomaliza alipuliza wino ukauke, kwa pumzi ndogo, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Muhuri wa wino ukapigwa.

Wakati huo huo tone likaangukia ukingo wa dirisha, na jingine kwenye kofia ya Baba Doa. Watu wakainua macho. Juu ya paa Bwana Tone alikuwa amekunja kiganja. Alikifuta kwenye kanzu yake, akatazama upande wa magharibi kulikokuwa kweupe, akaunyoosha mkono tena. Ilianza kunyesha wazi wazi, kanzu ikamgandama mgongoni, naye alisimama vile vile mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni alipopokelewa. Ndipo akasema kwa sauti ya kazi, "Tone," na Dirisha likafungwa.

Sikudhani alikaa Fungamano mpaka Mboni alipoolewa na karatasi yake kuhamishiwa fungu la mumewe. Alikuwa amejifunza aliyotumwa: mzazi kwanza kwa muhuri mkavu, kisha watu wake, kisha wote kwa wino. Aliyaandika yote. Hakujua angeandikaje habari za karatasi tupu, au kama mkuu wake wa kazi angetaka kuzisikia.

Siku ya kuondoka, Bi Chausiku alimsindikiza ofisini. Bwana Hamduni alichukua fungu lao, akatia alama ndogo kabisa kwenye kisanduku cha pembeni cha karatasi ya mgeni, akamwomba Sikudhani radhi kwa macho. Akaichomoa. Lakini hesabu ya jaladani haipungui, kwa hiyo karatasi ikitoka, hutiwa tupu mahali pake. Akatoa moja mpya kwenye mtoto wa meza, ya chapa ya msimu huu, akaichomeka pale pale alipokuwa Sikudhani.

Bi Chausiku aliisoma penye nafasi ya jina, ingawa alijua imeandikwa nini. Akaikunjua kona iliyojikunja.

"Nenda salama, mwanangu," akasema. "Usihofu kwamba umeacha pengo. Nafasi yako ina mtu."